Kodi Ikipanda Usikimbie Kazi: Majumba ya Serikali na Kujitegemea

Katika kitabu chetu cha mwaka tumezoea kusoma habari za arusi, za mazazi, za waliotangulia mbele ya haki, na za vijana wetu waliofaulu mitihani. Yote hayo ni mema na yana mahali pake. Lakini safari hii nimeombwa niandike juu ya jambo ambalo katika baraza zetu husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni maisha ya jamaa zetu wanaokaa katika majumba ya serikali hapa Marekani, pamoja na wale wanaolipiwa sehemu ya kodi kwa ile vocha ya nyumba ambayo wengi huiita Section 8. Nimekubali kwa sababu tangu nilipostaafu ualimu, kazi yangu kubwa imekuwa kuwasomea watu barua zao. Barua ya ofisi ya nyumba huja na kurasa nyingi za Kiingereza cha sheria, na mama aliyeingia nchi hii akiwa mtu mzima ataielewaje? Basi huniletea mimi, nami huvaa miwani.

Katika kusoma huko nimelisikia neno moja likirudiwa mpaka limenichosha. Neno lenyewe ni hili: "Usifanye kazi sana, kodi itapanda." Nimelisikia kwa mama aliyeomba apunguziwe saa za kazi hospitalini. Nimelisikia kwa kijana aliyeambiwa awe msimamizi wa zamu katika ghala, akakataa. Na nimelisikia kwa mzee mwenzangu, mtu wa sala tano, akimwambia binti yake aliyemaliza shule asiandikishwe kazi kwa jina lake. Watu hawa si wavivu. Wengi wao wamelima, wamevua, wamefanya biashara ya kutembeza, na wengine wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma wakitokea Kongo na Burundi, ambako asiyehangaika hakula. Kinachowafunga ni hesabu ambayo hawakufafanuliwa. Madhumuni ya makala haya ni kuifafanua hesabu hiyo, na kueleza njia moja halali ambayo imo katika sheria ya nchi tangu mwaka 1990 na ambayo jamaa zetu wengi hawajapata kuisikia.

Majumba haya yametoka wapi

Majumba ya serikali si kitu kigeni kwetu sote. Jamaa zetu wa Unguja wanayajua ya Kikwajuni, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi, na yale marefu ya Michenzani yaliyofuata. Sisi wa Bara tulikuwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Hapa Marekani jambo hili lilianza wakati wa dhiki kubwa ya miaka ya 1930, watu walipokuwa wakipoteza kazi na nyumba kwa pamoja. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1937 iliruhusu miji kuunda ofisi zake za nyumba na kujenga kwa fedha za serikali kuu. Waliokusudiwa mwanzoni walikuwa wafanyakazi wa kipato kidogo, watu wenye ajira, na kodi waliyolipa ndiyo iliyotazamiwa kuyatunza majengo.

Miaka ilivyokwenda, waliopata uwezo wakahama, na waliobaki wakawa ni wale maskini zaidi. Kodi ikawa haitoshi kutengeneza lifti wala mabomba. Ofisi zikapandisha kodi, na wapangaji wakashindwa. Katika mji wa St. Louis, ambako palikuwa na majumba ya Pruitt-Igoe, yaani majengo 33 ya ghorofa 11 kila moja, wapangaji wa majumba ya serikali waligoma kulipa kodi mwaka 1969. Mwaka 1972 serikali ikaanza kuyabomoa majumba hayo ya Pruitt-Igoe, nayo hayakuwa yametimiza hata miaka ishirini tangu wapangaji wa mwanzo waingie.

Katika mwaka huo huo wa 1969, Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi kuingia katika Baraza la Seneti, alipitisha sheria ya kuwaokoa wapangaji. Kodi isizidi robo ya mapato yao. Mwaka 1981 kiwango kikapandishwa kuwa asilimia 30, na hapo ndipo kilipo mpaka leo, katika majumba ya serikali na pia katika vocha zilizoletwa na sheria ya mwaka 1974.

Sheria hiyo ni rehema kubwa, na sitaki mtu aidharau. Aliyefukuzwa kazi leo hafukuzwi nyumbani kesho, kwa sababu kodi yake hushuka pamoja na mapato. Lakini kila rehema ina upande wa pili. Ikiwa kodi hushuka mapato yanaposhuka, basi hupanda mapato yanapopanda. Na hapo ndipo lilipozaliwa lile neno la "usifanye kazi sana".

Hesabu yenyewe

Nisameheni nikirudi ubaoni, ndiyo kazi niliyoizoea. Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wawili, anayefanya kazi nusu siku. Ofisi ya nyumba imehesabu mapato yake, ikaondoa yale ambayo sheria inaruhusu yaondolewe, ikapata dola 1,200 kwa mwezi. Asilimia 30 ya hizo ni dola 360. Hiyo ndiyo kodi yake. Sasa mama huyu anapata kazi ya siku nzima, na mapato yaliyohesabiwa yanakuwa dola 2,000. Kodi yake mpya ni dola 600. Kodi imepanda kwa dola 240 kila mwezi.

Mama anaziona zile 240 na moyo unamwenda mbio. Lakini aangalie na upande wa pili wa daftari. Mapato yamepanda kwa dola 800, kodi imechukua 240, zimebaki 560. Kweli, ushuru wa mapato utachukua chake, na stempu za chakula zitapungua, kwa hiyo 560 hizo hazitafika mfukoni zote. Sitamdanganya mtu juu ya hilo. Hata hivyo ni nadra mtu kuongeza kazi akawa na kidogo kuliko alichokuwa nacho kwa sababu ya kodi ya nyumba peke yake, maana kodi hiyo haichukui zaidi ya senti 30 katika kila dola iliyoongezeka.

Pia yako mambo ambayo wengi hawayajui, na kutoyajua kumewatia hasara. La kwanza, mshahara wa mtoto aliye chini ya miaka 18 hauhesabiwi katika kodi. Mtoto akifanya kazi dukani wakati wa likizo, mwacheni afanye, lakini katika fomu aandikwe kama walivyoandikwa wengine. La pili, kijana aliyetimiza miaka 18 au zaidi, ikiwa ni mwanafunzi wa muda wote na si mkuu wa nyumba wala mke au mume wa mkuu wa nyumba, huhesabiwa sehemu ndogo tu ya mshahara wake. Kwa hiyo binti aliye chuoni anaweza kufanya kazi jioni bila ya kumvunjia mama yake nyumba. Lete barua ya chuo tu. La tatu, ada unayolipa mtoto wa chini ya miaka 13 alelewe ili wewe uende kazini au darasani, kwa kiasi cha haki, hupunguzwa katika mapato kabla ya kodi kupigwa hesabu. Weka risiti. Na la nne, anayekaa katika majumba yenyewe ya serikali, si mwenye vocha, ana haki kila mwaka kuchagua kodi isiyofuata mapato, ile ya kiwango kimoja iliyowekwa na ofisi kwa nyumba ya namna ile. Kwa aliyepata mshahara mzuri, mara nyingine hiyo ndiyo nafuu.

Ama kuficha mapato, hilo sikushauri, na kwa sababu mbili. Ya kwanza ni dini: ulitia saini kuwa umesema kweli, na saini ni ahadi. Ya pili ni kwamba hakufichiki. Ofisi za nyumba hulinganisha maelezo yako na kumbukumbu za mishahara zilizoko serikalini, na siku ikionekana tofauti, barua inayokuja inadai malimbikizo ya miezi yote iliyopita, na pengine na nyumba yenyewe. Barua kama hizo nimezisoma, na uso wa mtu anaposomewa si wa kutazama mara mbili.

Sanduku la amana

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeishika kalamu. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya nyumba iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush mwezi wa Novemba, na ndani yake mkawa na mpango uitwao Family Self-Sufficiency, kwa ufupi FSS. Jina hilo likumbukeni kwa Kiingereza chake, maana ndilo mtakaloulizia ofisini. Maana yake ni familia kujitegemea.

Mpango wenyewe ni huu. Mwenye nyumba ya serikali au vocha anaingia kwa hiari yake, anaweka mkataba na ofisi ya nyumba kwa miaka mitano, nao unaweza kuongezwa mpaka miaka miwili ikiwa kuna sababu njema. Anapewa mratibu, yaani mtu wa kukaa naye na kupanga: unataka kufika wapi, unahitaji nini, Kiingereza, cheti cha uuguzi, leseni ya kuendesha gari, kulipa madeni, au malezi ya mtoto. Mratibu hakupi fedha. Kazi yake ni kukuunganisha na madarasa na huduma zilizoko mjini.

Kisha linakuja lile la ajabu. Turudi kwa mama yetu ambaye kodi yake ilipanda kutoka 360 hadi 600. Akiwa ndani ya FSS, ataendelea kulipa hizo 600 kama kawaida. Lakini ile nyongeza ya dola 240, iliyotokana na jasho lake, haipotei. Ofisi ya nyumba inaweka kiasi hicho kila mwezi katika akaunti ya amana kwa jina lake, ile waiitayo escrow. Mwaka mmoja ni dola 2,880. Ikiendelea hivyo kwa miaka minne, ni dola 11,520. Siku anapoutimiza mkataba, anakabidhiwa zote. Na hata kabla ya hapo, ofisi inaweza kumpa sehemu yake akiwa na haja inayoambatana na mpango wake, kama vile ada ya masomo au kutengeneza gari la kuendea kazini. Watu wenye mapato ya juu kidogo wana mpaka wa kiasi kinachowekwa, lakini kwa jamaa zetu wengi hesabu ndiyo hiyo niliyoieleza.

Mama zetu wataielewa hesabu hii kuliko wanaume, kwa kuwa ni upatu. Tofauti ni kwamba katika upatu wetu kijumbe ni mmoja wetu, na zamu huzunguka. Hapa kijumbe ni ofisi ya nyumba, hakuna zamu wala hakuna mwenzio wa kukuangusha, na kile unachokipokea mwishoni ni nyongeza ambayo bila ya mkataba ungeilipa ikaenda. Anayeongeza kazi akiwa nje ya mpango hulipa kodi hiyo hiyo ya juu, asione kitu. Kodi ni ile ile, ila mmoja ana mkataba na mwingine hana.

Masharti na khofu

Mkataba una masharti, na muungwana husoma kabla ya kutia saini. Aliyeweka mkataba atafute kazi inayomfaa na adumu nayo. Ayafuate malengo aliyoyaandika yeye mwenyewe na mratibu. Na wakati wa kumaliza, asiwepo mtu katika nyumba anayepokea fedha taslimu za msaada wa serikali kwa familia maskini. Angalieni vizuri hapo: stempu za chakula hazimo, matibabu ya Medicaid hayamo. Wengi hukimbia mpango kwa kudhani watanyang'anywa kadi ya hospitali ya watoto. Sivyo.

Khofu ya pili ni kwamba ukimaliza utatolewa katika nyumba. La hasha. Sheria inasema wazi kuwa msaada wa nyumba hauwezi kukatwa kwa sababu umeutimiza mkataba, wala kwa sababu umeshindwa kuutimiza. Aliyemaliza akichukua fedha zake na akabaki pale pale kwa kuwa bado anastahili, hana kosa. Aliyeshindwa atapoteza ile amana, nayo hutumika kuwasaidia wenzake walio katika mpango, lakini nyumba haiguswi kwa sababu hiyo. Na kama una deni la kodi, ofisi italitoa kwanza katika amana kabla ya kukukabidhi. Kwa hiyo lipa kodi kwa wakati.

Khofu ya tatu ni ya kidini, na mimi niliyelelewa chuoni kabla ya skuli siwezi kuiruka. Sheria inataka fedha hizi ziwekwe mahali panapozaa, na kilichozaliwa kinaongezwa katika amana. Wako waliokataa mpango mzima kwa ajili ya riba hiyo. Mimi si mufti, na masuala haya yana wenyewe. Muulizeni shekhe mnayemwamini. Lakini swali mlipeleke likiwa limekamilika. Mwambieni shekhe kuwa rasilmali ni nyongeza ya kodi iliyotokana na mshahara wa halali, na kuwa ziada ya riba ni kidogo na inajulikana kiasi chake, kwa hiyo inaweza kutengwa. Wako Waislamu wanaochukua rasilmali, na ile ziada wakaitoa kwa maskini bila ya kuihesabu kuwa sadaka. Vile vile, hakuna sharti la kununua nyumba kwa mkopo. Fedha ukishakabidhiwa ni zako. Unaweza kulipa madeni, kununua gari, kumsomesha mtoto, au kuanza biashara ya mapishi.

Jambo jingine la kujua ni kuwa mpango hauko katika kila ofisi ya nyumba. Zipo zilizo nao, na zipo zisizo nao, na mahali pengine kuna orodha ya kungoja. Tangu sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kufanya kazi kwa kanuni mpya za mwaka 2022, mlango umefunguliwa hata kwa baadhi ya majengo ya watu binafsi ambayo serikali huyalipia kodi za wapangaji wake, ikiwa mwenye jengo ameamua kuuanzisha. Kanuni hizo hizo zimeruhusu mtu mzima mwingine katika familia, si lazima yule mkuu wa nyumba, awe ndiye mwenye mkataba. Hili ni muhimu kwetu sisi tunaokaa bibi, mama na mjukuu chini ya dari moja. Ikiwa mama ni mgonjwa na binti ndiye anayefanya kazi, binti anaweza kushika mkataba. Mambo ya sheria hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi yenu kabla ya kuamua, na mkiweza pateni jibu kwa maandishi.

Yaliyoonekana

Nisingependa msomaji afikiri nauza dawa ya kutibu kila ugonjwa. Wizara ya nyumba, yaani HUD, iliipa taasisi ya utafiti ya MDRC kazi ya kuupima mpango wa FSS. Watafiti waliwafuatilia walioingia na wasioingia katika miji mbalimbali kwa miaka. Walichokiona ni kuwa walioingia walipata msaada na ushauri zaidi, lakini ukiwachukua wote kwa wastani, mishahara yao haikupanda sana kuliko ya wenzao. Wengi waliingia wakaishia njiani bila ya kumaliza. Faida kubwa iliwafikia wale waliopandisha mapato na kufika mwisho wa mkataba, maana hao ndio walioondoka na amana. Kwa hiyo kutia saini hakutoshi. Mkataba ni kama jembe, ukiliweka nyuma ya mlango halilimi.

Taasisi hiyo hiyo ilipima jaribio jingine liitwalo Jobs-Plus, lililoanza mwaka 1998 katika majumba ya serikali ya miji kadhaa. Huko walifanya mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, ofisi ya kutafuta kazi iliwekwa pale pale panapokaa watu. Pili, kanuni za kodi zililegezwa ili anayefanya kazi abaki na sehemu kubwa ya mshahara wake. Tatu, majirani wenyewe walishirikishwa kupelekeana habari za kazi na kutiana moyo. Mahali ambapo mambo yote matatu yalifanywa ipasavyo, katika miji ya Dayton, Los Angeles na St. Paul, mapato ya wakaazi yalipita ya wakaazi wa majumba kama yale yasiyokuwa na mpango, kwa kiasi cha asilimia 14 kwa mwaka. Na katika majumba yale ya St. Paul wengi walikuwa wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, watu waliokuja kama sisi, na lugha yao na wazee wao na mizigo yao ya vita.

Mimi nilipoisoma habari hiyo, nililolitia akilini ni lile la tatu, la majirani. Serikali inaweza kulegeza kodi na inaweza kuajiri mratibu. Lakini aliyepeleka habari kwa mama asiyesoma Kiingereza, akamwambia "twende sote ofisini kesho", huyo hakutoka serikalini. Alitoka mlango wa pili.

Mfano mkubwa wa majirani ni ule wa Kenilworth-Parkside mjini Washington. Yalikuwa ni majumba 464 yaliyochakaa, wakati mwingine hayana maji ya moto. Bi Kimi Gray, mama wa watoto watano aliyekuwa akikaa humo, aliwakusanya wenziwe, na mwaka 1982 wakapewa mkataba wa kuyaendesha wenyewe. Wakaajiri watu wa humo humo kufanya matengenezo na kukusanya kodi. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, alikuwa amekwisha kuanzisha jumuiya ya kuwapeleka vijana wa majumba hayo vyuo vikuu, mahali ambapo awali hilo lilikuwa ni jambo la nadra. Katika kazi yote hiyo hakungoja kwanza ahame ndipo awe mtu.

Wajibu wetu

Neno kujitegemea si geni kwetu. Sisi tuliokuwa wanafunzi Tanga zama za Mwalimu Nyerere tulilikuta darasani. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata ikatoka Elimu ya Kujitegemea, ndipo kila shule ikatafutiwa shamba. Watu wengi siku hizi hulitumia neno hili kwa maana ya mtu kuwa peke yake asiyehitaji mtu. Sisi hatukulisoma hivyo. Katika shamba la shule hapakuwa na aliyelima peke yake. Palikuwa na mstari wa majembe, na aliyechoka alisaidiwa tuta lake. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hiyo ni kweli. Lakini hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tazameni vizuri: hawakusema mfukuze, walisema mpe jembe. Tangu wafike nchi hii, wengi wetu siku zetu mbili zimekwisha zamani. Jembe lipo, limewekwa ndani ya sheria, na kazi iliyobaki ni kumkabidhi mwenye mikono.

Kwa hiyo nina mashauri machache kwa kila ukoo unaosoma kitabu hiki.

Kwanza, tuache kuwaonea haya jamaa zetu wanaokaa katika majumba ya serikali, na wao waache kujificha. Nimeona mtu akipanga mkutano wa arusi kwa nduguye mwenye nyumba kubwa, ili asije mtu akaona anapokaa. Haya ya namna hiyo ndiyo inayozuia habari njema zisipite.

Pili, katika kila mji tulipo, wateuliwe kijana mmoja na mama mmoja wajifunze kanuni za nyumba, waulize ofisini kama FSS ipo, na waandike jina la mratibu. Kijana ana Kiingereza na kompyuta, mama ana heshima ya kuingia kila nyumba. Mmoja bila ya mwenziwe hafiki.

Tatu, anayetaka kuingia aulize jambo moja kabla ya kuanza kazi mpya: mkataba utaanza lini, na mapato yatakayoandikwa mwanzoni ni yapi. Amana huhesabiwa kwa kulinganisha mapato ya mwanzo na yale ya baadaye. Aliyetia saini kabla ya nyongeza ya mshahara huona nyongeza ile ikiingia katika sanduku lake. Aliyechelewa anaweza kukuta sehemu imekwisha kumpita.

Nne, walioko ndani ya mpango wasaidiwe wamalize. Miaka mitano ni mirefu. Katika kipindi hicho kuna kujifungua, kuna kufiwa, kuna gari kufa barabarani siku ya theluji. Ile michango yetu ya arusi, ambayo Mungu anajua inavyomiminika, ikitengewa sehemu ndogo ya kumlelea mtoto yule mama aliye darasani, itakuwa imejenga zaidi ya ukumbi wa usiku mmoja.

Tano, na hili nawaambia wazee wenzangu hasa, tusimwambie tena mtoto yeyote asifanye kazi kwa kuogopa kodi. Neno la mzee lina uzito. Mtoto aliyeambiwa akiwa na miaka 18 kuwa kazi ni hasara, atalibeba neno hilo akiwa na 30. Badala yake tumwambie: fanya kazi, andika ukweli, na nyongeza ile tuitafutie sanduku lake.

Mwenye barua asiyoielewa ailete mapema, ingali ndani ya bahasha yake, kabla tarehe haijapita. Mimi bado ninayo miwani, na macho, alhamdulillahi, yanaona. Mwenyezi Mungu azitie baraka kazi za mikono yenu, na azifanye nyumba mnazokaa, za kukodi na za kumiliki, kuwa nyumba za utulivu. Amin.